Mawe Yaliyozama: Kisa cha Safari Yetu ya Jinja

Shangazi yangu alifundisha Historia kwa miaka 31, na kila mwaka somo la wapelelezi lilipofika alichora Maporomoko ya Ripon ubaoni. Ziwa juu, mawe matatu katikati, kisha mistari mifupi ya chaki ikiteremka kuonyesha maji. Alipostaafu alisema ana haja moja tu, akayaone maporomoko hayo kwa macho yake. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, naye alikuwa na lake. Alikuwa ametazama video za watu wakipinduka na mashua za mpira kwenye mawimbi ya Nile, akaapa kwamba mwaka hautaisha kabla hajapanda rafti. Mji uliowafaa wote wawili ulikuwa mmoja: Jinja, Uganda. Nikajitwika kazi ya kupanga.

Siku tatu tulizokaa huko zilikwenda kombo mara mbili, na mara zote mbili chanzo kilikuwa kilekile. Mto tuliokuwa tumeusoma sio mto tulioukuta. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu naona familia nyingi zikielekea kule na picha zilezile tulizokuwa nazo sisi.

Mpango ulivyokuwa

Nilimpata wakala wa safari kwa simu. Alinitumia ratiba: siku ya kwanza Ripon na Bujagali, siku ya pili rafti, siku ya tatu mapumziko na kurudi. Picha zilipendeza kweli, maji meupe yakishuka ngazi kwa ngazi kati ya visiwa vyenye miti. Nikatuma malipo ya awali jioni ileile. Sikuuliza picha zile zilipigwa mwaka gani.

Tulipanda basi la usiku kutoka Nairobi, tukavuka mpaka wa Busia alfajiri. Sisi Wakenya tunaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa, ila cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikiache nyumbani. Anayetoka mashariki hushuka Jinja kabla ya kuvuka Nile, kwa kuwa mji wenyewe uko ukingo wa mashariki. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Siku ya kwanza: "Maporomoko yako wapi, mwanangu?"

Bustani ya chanzo cha Nile ni mahali patulivu, penye miti mikubwa na nyani wachache wasioogopa watu. Ipo sanamu ya Mahatma Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo mwaka 1948. Sanamu ilizinduliwa 1997 na I. K. Gujral, aliyekuwa waziri mkuu wa India. Shangazi alisimama mbele yake kidogo, kisha akaharakisha kuelekea majini. Hakuwa amekuja kwa ajili ya Gandhi.

Mwenye boti alimwita Jjajja, yaani bibi, akamshika mkono kumpandisha. Ni boti ya mbao yenye injini ndogo. Tulikwenda dakika chache tu, mpaka pale ziwa linapobanwa na kugeuka mto, akazima injini. Kimya. Maji yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mahali fulani yalikuwa yakivimba kutoka chini, duara likitanuka na kupotea, kisha jingine.

"Maporomoko yako wapi, mwanangu?" Shangazi akauliza.

Yule kijana akaelekeza kidole kwenye yale maduara. "Ni hapa, Jjajja. Yako chini."

Nilimwona Shangazi akikunja shingo kutazama, kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akatumbukiza mkono majini hadi kifundo na kuuacha humo.

Bwawa la Owen Falls, ambalo leo kituo chake cha umeme kinaitwa Nalubaale, lilifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954. Limejengwa chini kidogo ya pale mto unapotoka ziwani, na maji yalipopanda nyuma ya ukuta wake yaliyafunika Maporomoko ya Ripon. Maporomoko ya Owen yaliyokuwa chini yake yakaenda vilevile. Picha aliyoichora Shangazi miaka yote 31 ilikuwa ya mahali palipokwisha zama kabla hajaanza kufundisha. Vitabu vya shule vilisema Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyaona. Havikusema kwamba wewe huwezi.

Mwenye boti alituambia yale maduara ni chemchemi za chini ya mto. Huambiwa hivyo kila mgeni. Shangazi hakukubali, alisema ni maji yanayogonga mawe yaliyozama na kurudi juu, nami naona hoja yake ina uzito, kwani maji mengi ya Nile pale yanatoka ziwani.

Alichokuja kukitafuta

Hapa inafaa nisimame, maana ndicho kiini cha kisa upande wa Shangazi.

John Hanning Speke alifika pale tarehe 28 Julai 1862. Hakuwa na mwenzake Grant, ambaye alikuwa ametangulizwa kuelekea Bunyoro. Alikuwa ametoka kukaa miezi kadhaa katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda. Maporomoko yenyewe hayakuwa marefu: alikadiria kimo cha futi 12 hivi na upana wa futi 400 hadi 500, yamekatwakatwa na mawe. Kilichomvutia ni uhai wa pale. Samaki kwa maelfu wakirukia maporomoko, wavuvi wa Kisoga na Kiganda wakiwa wamekaa juu ya kila jiwe na fimbo na ndoana, viboko na mamba wakisinzia majini. Akapaita Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja wa Uingereza aliyekuwa akiongoza Chama cha Kifalme cha Jiografia wakati safari ilipoandaliwa.

Lakini mahali palikuwa na jina. Wenyeji walipaita kwa neno lenye maana ya mawe, na Speke mwenyewe aliliandika hilo. Jinja ni jiwe. Kwa hiyo mji mzima umebeba jina la maporomoko, na mawe yaliyoupa jina yamelala chini ya boti za watalii. Shangazi alipolisema hilo pale pale botini, mwenye boti alicheka kwa furaha, akasema amezaliwa Jinja na hakuwahi kuliwaza hivyo.

Kuna mtu mwingine ambaye Shangazi alimfundisha kila mwaka hata kama hakuwemo kwenye mtihani: Sidi Mubarak Mombay. Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani India, akarudi Zanzibar akiwa huru na kuwa kiongozi wa misafara. Speke alisafiri na Wangwana kutoka Zanzibar, watu wanaozungumza Kiswahili, waliobeba mizigo, waliotafsiri, waliojua kuzungumza na machifu. Siku ile kwenye mawe, Speke aliwaambia watu wake wanyoe vichwa na kuoga katika mto mtakatifu wa Musa. Mombay akamjibu kwamba wao hawayatazami mambo hayo kwa namna hiyo. Kwa Shangazi, hilo ni jibu lililotamkwa kwenye chanzo cha Nile mbele ya Mzungu, na si dogo.

Mpwa wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa akichezea simu, akaiweka mfukoni.

Kombo la kwanza

Mchana tulitakiwa kwenda Bujagali. Dereva, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alipoona ratiba yetu alitikisa kichwa. Maporomoko ya Bujagali nayo yamefunikwa. Bwawa la Bujagali lilijaa maji mwaka 2011, na kituo chake cha megawati 250 kikazinduliwa Oktoba 2012. Yale maji meupe kwenye tangazo la wakala yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi.

Wakala alikuwa ametuuzia sehemu mbili zilizo chini ya maji. Nilimpigia simu. Alisema wageni huridhika na kuona "eneo". Sikukubali, na baada ya mabishano marefu alirudisha nusu ya malipo ya awali. Lakini kosa la kuuliza lilikuwa langu pia, na nalitaja kwa sababu ndilo linalorekebishika kirahisi zaidi: ukitaka kwenda Jinja, muulize anayekuuzia safari, "Maji haya yapo leo?" Hilo tu.

Tulikwenda Bujagali hata hivyo. Ni ziwa tulivu sasa, linapendeza. Kwa Wasoga hapo si mandhari tu. Ni makao ya roho ya Budhagaali, na kabla ya bwawa kulikuwa na mvutano mrefu kuhusu namna ya kuihamisha au kuiridhisha. Nilitazama maji yale na kufikiri juu ya umeme unaowaka katika nyumba nyingi za Uganda kwa sababu yake, na juu ya kilichozikwa. Mimi sina hukumu nyepesi hapo. Naona tu kwamba mgeni anayepita bila kujua kuna kitu chini amepita bila kufika.

Siku ya pili: kijana na fomu

Mpwa wangu alikuwa tayari saa kumi na mbili asubuhi. Rafti zilianza Jinja miaka ya 1990, na siku hizo zilianzia Bujagali kwenyewe. Bwawa lilipojaa, mwanzo wa safari ukasogea chini ya ukuta wake. Mwaka 2019 likaja bwawa la Isimba, chini zaidi, la megawati 183, na ziwa lake likameza sehemu nyingine ya maji ya kasi. Kilichobaki katikati ndicho wanachokitumia leo, na ni kizuri bado. Kipo kipande cha Kalagala na Itanda, ambacho serikali ya Uganda iliahidi Benki ya Dunia kukitunza kama fidia ya Bujagali.

Tulipewa helmeti, jaketi okozi na kafi. Kisha fomu. Swali mojawapo: unajua kuogelea? Mpwa aliweka alama ya ndiyo. Nilikuwa karibu naye, niliona, nikanyamaza. Nilijua amejifunzia kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, sehemu ya kina kifupi, na kwamba hajawahi kuelea mahali asipogusa chini. Nilijiambia jaketi litamshikilia.

Nahodha wetu hakuanza na mawimbi. Alitupeleka kwenye maji yaliyotulia akamwambia kila mtu aruke, mmoja mmoja, alale chali, miguu juu ikitangulia kule mto unakokwenda. Alieleza sababu: ukijaribu kusimama kwenye maji ya kasi, mguu unaweza kunasa kati ya mawe na mto ukakulaza kifudifudi. Alitoa amri kwa Kiingereza na kuzirudia kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Mbele. Nyuma. Chini.

Zamu ya mpwa ilipofika aliruka vizuri. Halafu akapotea. Jaketi lilikuwa limemrudisha juu mara moja, uso uko nje, pumzi ipo, lakini mikono yake ilikuwa ikipiga maji kama ya mtu anayepanda ngazi isiyokuwepo, na macho yamemtoka. Mwenye kayaki, mtumbwi mdogo wa mwokoaji, alimfikia, naye akaikumbatia ncha ya kayaki kwa nguvu hata ikayumba. Alikuwa salama tangu mwanzo. Mwili wake haukujua hivyo.

Nahodha hakumgombeza. Alimuuliza polepole, "Kaka, niambie kweli sasa." Kijana akasema kweli. Nahodha akamhamishia rafti ya makasia. Hii ni mashua kubwa zaidi, ambayo mtu mmoja anaiendesha kwa makasia mawili marefu huku abiria wameshikilia kamba tu. Hubeba chakula na vifaa vya huduma ya kwanza, na hupita kando ya mawimbi makubwa. Mpwa alikaa humo ameinamisha kichwa. Nilimwonea huruma na nilitaka kumtetea.

Nimelifikiria sana lile tendo la nahodha, na nashikilia kwamba alifanya sawasawa. Nile pale ina sifa inayowafaa wanaoanza. Maji ni mengi mno, takriban mita za ujazo 1,000 kila sekunde, mawe mengi yamefunikwa kwa kina, na baada ya kila poromoko huja dimbwi pana lililotulia. Ukianguka, mto unakusukuma mpaka dimbwini na kayaki inakukuta. Ndiyo maana hata asiyejua kuogelea hupokelewa. Lakini utaratibu wote huo unamtegemea mtu aliyeanguka atulie kwa sekunde kumi au kumi na tano. Mwenye hofu hufungua mdomo wakati wimbi linapita, au humkaba anayekuja kumwokoa. Jaketi huelea, halizuii hofu. Fomu ile ilikuwa imeuliza swali lisilotosha, na zoezi la dakika tano likaliuliza upya kwa njia isiyodanganyika. Kampuni yoyote inayokupeleka moja kwa moja kwenye mawimbi bila zoezi hilo, shuka.

Sisi wengine tulipinduka kwenye poromoko la pili. Nakumbuka wimbi likisimama mbele yetu kama ukuta wa chupa, sauti ya "Chini!", kisha giza la kijani, na kafi ikininyang'anyika. Nilihesabu hadi saba ndipo nikapata hewa. Aliyenivuta kwa mabega ya jaketi kuniingiza kwenye rafti ya makasia alikuwa mpwa wangu.

Itanda hatukuipita majini. Sehemu yake ya juu ni ya kiwango cha sita, yaani cha juu kabisa kwa ugumu, na pale wageni hushuka na kutembea ukingoni huku mashua zikibebwa. Tulisimama juu ya mwamba tukiutazama mto ukijikunja na kupasuka. Kwenye dimbwi la chini nahodha alimwita mpwa tena. Ruka, lala chali, hesabu kwa sauti. Mara ya kwanza alihesabu mpaka nne akashika mashua. Mara ya tatu alifika ishirini, sauti imetulia. Poromoko la mwisho la siku alilipita nasi, mbele kabisa, na hatukupinduka.

Mengine niliyoyapata kwa kuuliza

Nilimuuliza nahodha kwa nini siku nyingine mto unakuwa mkubwa na nyingine mdogo bila mvua. Alinionyesha upande wa bwawa. Mitambo ikifunguliwa zaidi, mawimbi mengine yanakua na mengine yanafutika. Kwa hiyo watu wa rafti huishi kwa kufuata bwawa.

Nalo bwawa la juu, la Owen Falls, linafuata jambo la ajabu. Lilipojengwa, Uingereza kwa niaba ya Uganda ilikubaliana na Misri kwamba maji yatakayoachiwa yalingane na yale ambayo yangetoka ziwani kwa asili, kulingana na kimo cha ziwa siku hiyo. Kipimo cha uasili huo kilitokana na jinsi maji yalivyokuwa yakipita Maporomoko ya Ripon. Uwiano huo haukufuatwa sikuzote. Wakati wa ukame wa 2004 hadi 2006 maji yaliachiwa kupita kiasi na ziwa likashuka. Lakini nilipomweleza Shangazi jioni ile, juu ya sahani ya ngege wa kukaanga, uso wake ulibadilika. Maporomoko yake yamezama, na bado hesabu yake ndiyo inayotakiwa kuuongoza mto.

Jambo la afya nisilisahau. Ziwa Victoria na Nile ya juu zina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia penye majani, hupenya ngozi, kwa hiyo hatari zaidi iko pale unapokula chakula cha mchana miguu ikiwa kwenye matete kuliko katikati ya wimbi. Pima baada ya wiki sita au zaidi, si siku unayorudi, maana mapema hakionekani. Dawa ipo, prazikwanteli. Mimi na mpwa tulipima Februari, tukawa salama.

Asubuhi ya tatu

Ratiba ilisema mapumziko. Shangazi alisema hapana. Nilidhani alikuwa amekwisha ona alichokuja kuona, na hilo lilikuwa kombo letu la pili, ambalo yeye ndiye aliyelinyoosha: mnara wa Speke hauko upande wa mji. Uko ng'ambo, ukingo wa magharibi, upande wa Njeru, mahali alikosimama. Mimi nilikuwa nimeweka kila kitu mashariki. Wapo wageni wanaoondoka wakidhani wameuona.

Tulivuka kwa boti ya yule kijana wa siku ya kwanza. Shangazi alipanda kilima taratibu, mpwa amemshika kiwiko. Juu aliugusa mnara mara moja tu, kisha akaupa mgongo na kuangalia chini, mahali ziwa linapoishia. Alimwonyesha mpwa: pale wavuvi, pale viboko, Wangwana wangekuwa wamekaa hapa tulipo, wamechoka. Alikuwa akifundisha. Mikono yake ilichora hewani mawe matatu.

Mpwa alitoa simu, akamwomba ageuke ili mnara uonekane nyuma yake.

"Hapana," Shangazi akasema. "Nipige na maji. Hivyo hivyo yalivyo."